Jenerali Mstaafu na Kitenzi Kisicho na Mtenda

Neno ‘sifa’ lina maana mbili ambazo wanasiasa wetu hupenda kuzichanganya. Kwanza, sifa ni vigezo au tabia zinazomtambulisha mtu au kitu: sifa za mgombea, sifa za mwalimu mkuu, sifa za vokali. Pili, sifa ni maneno ya kumkweza mtu: tunampa sifa, tunamwimbia sifa, anapenda sifa. Mgombea akiulizwa sifa zake kwa maana ya kwanza, aghalabu hujibu kwa maana ya pili. Nasi wapigakura, tukishalemewa na uzito wa vyeo na majina, husahau tuliuliza nini.

Mkanganyiko huu huzidi pale mgombea au mteuliwa anapotokea jeshini. Mwalimu akigombea, wanafunzi wake wapo. Watasema kama alikuwa akifika darasani au la. Daktari ana wagonjwa wake. Mfanyabiashara ana wadeni na wadai. Mwanajeshi je? Kazi yake hufanywa mbali, nyuma ya ua wa siri, na walioiona kwa macho yao ama ni wenzake waliokula kiapo, ama ni watu ambao hakuna kamera iliyowahi kuwafikia. Ndiyo maana mjadala kuhusu rekodi ya kijeshi ya mwanasiasa huishia kuwa mjadala wa maneno. Na madhali ni wa maneno, sisi wanaisimu tuna la kusema.

Katika makala haya nahakiki mjadala mmoja wa aina hiyo: ule uliozuka Desemba 2014, wakati Meja Jenerali mstaafu Joseph ole Nkaissery alipoteuliwa kuwa Waziri wa Usalama wa Ndani. Nauhakiki nikiwa huku Gusii, na si kwa bahati. Nkaissery alipofariki ghafla tarehe 8 Julai 2017, wizara yake ilikabidhiwa mwana wa Nyamira, Dkt Fred Matiang’i, kama kaimu kisha kama waziri kamili. Leo Matiang’i ametangaza nia ya kuwania urais mwaka wa 2027, na kuanzia Keroka hadi Ogembo neno ‘rekodi’ liko midomoni mwa kila mtu. Kabla hatujazama katika mjadala huu mpya, hebu tujifunze kutoka kwa ule wa zamani.

Kwanza habari yenyewe. Asubuhi ya tarehe 2 Desemba 2014, nchi iliamkia taarifa kwamba magaidi walikuwa wamewaua wachimba mawe 36 huko Koromey, Mandera. Siku kumi tu nyuma, abiria 28 wa basi walikuwa wameuawa katika kaunti hiyo hiyo. Wakenya walikuwa na hofu na hasira. Siku hiyo ya Desemba, Inspekta Jenerali wa Polisi David Kimaiyo aling’atuka, naye Rais Uhuru Kenyatta akamtaja Nkaissery kuchukua nafasi ya Joseph ole Lenku. Nkaissery alikuwa mbunge wa Kajiado ya Kati tangu 2002, tena wakati huo akiwa wa chama cha upinzani, ODM. Lakini si ubunge wake uliomvutia Rais na umma. Kilichovutia ni lile neno lililotangulia jina lake: Jenerali.

Upande wa pili wa nchi, katika Pokot Magharibi, neno hilo lilizua kumbukumbu tofauti. Mwaka wa 1984 jeshi la Kenya lilipelekwa huko katika msako uliopewa jina la Operesheni Nyundo, lengo likiwa kunyang’anya silaha na kukomesha wizi wa mifugo. Tatizo la silaha lilikuwa la kweli. Utawala wa Idi Amin ulipoporomoka mwaka wa 1979, ghala la silaha la Moroto, Uganda, lilivunjwa na bunduki zikatapakaa katika eneo zima la wafugaji. Ila wakazi wa Lotiriri na viunga vyake waliosimama mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, TJRC, walisimulia mambo yanayozidi msako wa silaha: vifo, mateso, mifugo iliyochukuliwa. Katika ripoti ya tume hiyo, iliyokabidhiwa Rais tarehe 21 Mei 2013, Nkaissery alikuwa miongoni mwa waliotajwa kuhusiana na operesheni hiyo. Alipofika mbele ya wabunge kupigwa msasa, suala hilo liliibuka. Alijitetea, Bunge likamwidhinisha, naye akaapishwa.

Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanza. Nilifuatilia mjadala ule redioni, magazetini na katika maongezi ya watu. Niliona kambi mbili zisizojibizana. Moja ilizungumzia sifa kwa maana ya pili: huyu ni jenerali, huyu atawanyoosha magaidi, huyu hachezi. Nyingine iliuliza kuhusu mwaka wa 1984. Ya kwanza haikuijibu ya pili. Iliifunika tu kwa maneno. Maneno hayo tunayatumia hadi leo, na ni vyema tuyachunguze moja baada ya jingine.

Tuanze na hilo la ‘kupigwa msasa’. Ndilo neno ambalo vyombo vyetu vya habari vimelizoea kwa kazi ya kuwachunguza wateuliwa. Seremala yeyote pale soko la Daraja Mbili atakwambia msasa ni wa kazi gani. Msasa hulainisha. Huondoa vishindo na vibanzi juu ya ubao ili rangi ishike na mnunuzi apendezwe. Haupimi kama mbao imeliwa na mchwa ndani. Istilahi tuliyoichagua wenyewe imekiri kile ambacho huenda hatukukusudia kukiri: mteuliwa huingia Bungeni akiwa na makwaruzo, akatoka aking’aa. Nyundo ya 1984 ilipokutana na msasa wa 2014, msasa ndio ulioshinda.

La pili ni ‘mstaafu’. Tunasema ‘jenerali mstaafu’, ‘meja mstaafu’. Kisarufi, kivumishi hiki kinapaswa kupunguza: kinatuambia kwamba mtu huyu hana tena kikosi wala mamlaka ya kutoa amri. Katika siasa kinafanya kinyume. Aliyestaafu ni mtu. Cheo chake hakistaafu kamwe. Kinamfuata jukwaani, kwenye mabango na hata kwenye tangazo la kifo. Mimi sioni ubaya wa mtu kuheshimiwa kwa cheo alichokitolea jasho. Ubaya ni pale cheo kinapoendelea kufanya kazi huku yaliyofanywa kwa mamlaka ya cheo hicho yakidaiwa kuwa yamepitwa na wakati. Ukimuuliza kuhusu jenerali, anakwambia yupo. Ukimuuliza kuhusu vita, anakwambia hayo ni ya kale. Haiwezekani, bwana. Anayekula matunda ya mti hawezi kuukana mzizi.

La tatu ni ‘kutumikia’. Alitumikia jeshi, alitumikia taifa kwa miaka mingi. Neno hili linatokana na mzizi -tum-, na mzizi huo una ukoo mpana: tuma, tumwa, tumika, tumikia, mtumishi, utumishi, mtume, mtumwa. Wote katika ukoo huu wana jambo moja wanaloshiriki, nalo ni kwamba nyuma yao kuna aliyewatuma. Mtume ana aliyemtuma, mtumwa vilevile. Mwanajeshi anayetumikia taifa naye ametumwa. Ajabu ni kwamba wanasiasa wetu wanaujua vyema mzizi huu wanapotaka kumkomesha mkosoaji. Kijana akisimama mkutanoni Nyansiongo na kuuliza pesa za barabara zilienda wapi, ataambiwa papo hapo: “Wewe umetumwa!” Kumbe swali la “umetumwa na nani?” linafahamika. Linaelekezwa kwa asiyestahili kuulizwa tu. Anayestahili kuulizwa ni yule aliyepewa bunduki na gari la serikali, akatumwa mahali, kisha akarudi na kupandishwa cheo.

Tena swali hili lingemsaidia Nkaissery mwenyewe. Mwaka wa 1984 hakuwa Amiri Jeshi Mkuu. Amiri Jeshi Mkuu alikuwa Rais Daniel arap Moi. Kulikuwa na makamanda juu yake, kulikuwa na wakuu wa mkoa na wilaya, kulikuwa na kamati za usalama. Mjadala ulioishia kwa jina la mtu mmoja uliwaacha waliomtuma wakinywa chai yao kwa utulivu. Kuuliza nani alituma ni kutenda haki pande zote mbili: kwa aliyetendewa, na kwa aliyetumwa.

La nne ni majina ya operesheni zenyewe. Mwaka wa 1984 jina lilikuwa Nyundo. Ni jina la kikatili, lakini angalau lina uaminifu wake. Linataja chombo, na kila mtu anajua nyundo hufanya nini inapotua. Tazama yaliyofuata. Machi 2008, Mlima Elgon: Okoa Maisha. Oktoba 2011, Somalia: Linda Nchi. Septemba 2015, msitu wa Boni: Linda Boni. Februari 2023, Bonde la Ufa kaskazini: Maliza Uhalifu. Tumetoka kwenye nomino tukaingia kwenye kitenzi cha kuamrisha chenye lengo jema ndani yake. Mabadiliko haya si madogo. Operesheni iitwayo Nyundo inaweza kuhojiwa: je, ilimgonga nani? Operesheni iitwayo Okoa Maisha utaihojije bila kuonekana unapinga kuokoa maisha? Na bado, mashirika ya kutetea haki yaliyofika Mlima Elgon mwaka ule yalikusanya malalamiko mazito ya mateso na ya watu kutojulikana walikopelekwa. Jina lilikuwa limekwisha kutoa hukumu kabla ushahidi haujasikilizwa.

La tano ndilo zito kuliko yote, nalo linahusu vitenzi. Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu sentensi tano nilizozitunga kwa kufuata mtindo wa taarifa zetu za habari: Watu kadhaa walipoteza maisha. Damu ilimwagika. Mifugo ilichukuliwa. Makosa yalifanyika. Usalama ulirejeshwa. Niliwaambia wazigeuze ziwe katika kauli ya kutenda, kila moja na kiima chake. Ile ya mwisho waliimaliza kabla sijaketi: Jeshi lilirejesha usalama. Kwa zile nne nyingine kalamu zilisimama. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono. “Mwalimu,” akasema, “hii ya mwisho ina mwenyewe. Hizi nyingine ni mayatima.”

Sijawahi kusoma maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Lugha yetu ina kauli ya kutendwa, ile ya -w-, na kauli ya kutendeka, ile ya -k-. Kauli ya kutendwa haina hatia yoyote. Inaturuhusu kumtaja mtenda kwa kiunganishi ‘na’: mifugo ilichukuliwa na askari. Ni sisi tunaomkata mtenda mkia sentensi ikiwa bado inatembea. Kauli ya kutendeka ndiyo iliyo na mtego. Haina nafasi ya mtenda hata ukimtafuta. Huwezi kusema “damu ilimwagika na fulani” na ukaeleweka. Damu imemwagika, basi, kama chai kutoka kwenye kikombe kilichopinduka chenyewe. Na lile la ‘kupoteza maisha’ ni baya zaidi, kwani limemgeuza marehemu kuwa ndiye mtenda. Yeye ndiye aliyepoteza, kana kwamba maisha ni ufunguo ulioanguka kutoka kwenye mfuko uliotoboka.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Walikuwa wakizungumzia majahazi, lakini methali hii ni somo zuri la sarufi. Hakuna chombo kinachojiunda. Hakuna kijiji kinachojichoma. Mwandishi anayetuletea sentensi isiyo na mtenda anatuonyesha jahazi na kutuambia halikuundwa na mtu.

Msomaji wa Kisii au Nyamira anaweza kudhani haya ni ya Wapokot. Si ya Wapokot peke yao. Kituo cha serikali ya Waingereza pale Bosongo, ndio mji wa Kisii wa leo, kilikuwa bado kichanga Otenyo alipomchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, mnamo Januari 1908. Simulizi zetu zinamtaja Moraa kuwa aliyewatia vijana moyo. Kilichofuata ni kikosi cha Keya, yaani King’s African Rifles, kilichotumwa kuwaadhibu Abagusii. Nyumba zilichomwa na kikosi hicho, ng’ombe walichukuliwa nacho, watu waliuawa nacho. Naona fahari kuandika ‘nacho’.

Taarifa za kijeshi kuhusu msafara huo zilifika London, katika ofisi iliyosimamia makoloni. Naibu wa waziri katika ofisi hiyo alikuwa Winston Churchill, kijana ambaye siasa zake zilijengwa juu ya sifa alizojipatia vitani. Alizisoma na hakuupenda mtindo wake. Alihoji kama kweli kulikuwa na haja ya kuendelea kuwaua kwa wingi kiasi kile watu wasioweza kujitetea. Sitaki kumfanya Churchill mtakatifu. Anayeijua historia ya himaya ile hatanielewa. Ninachotaka tuone ni kwamba hata yeye, mwanajeshi wa zamani na mtetezi wa himaya, alitambua kuwa tatizo lilikuwa limejificha katika lugha ya taarifa. Msafara uliitwa wa ‘adhabu’. Ukishaiita kazi adhabu, umeshaamua kwamba anayetendewa ana kosa, awe ni Otenyo au mtoto wa jirani yake. Vivyo hivyo, ukishaiita jamii nzima ‘wezi wa mifugo’, risasi haitauliza nani aliiba na nani alikuwa akichunga mbuzi wa baba yake.

Katika taarifa za wakoloni sisi ni idadi. Katika simulizi zetu sisi ni majina. Tunakasirika, tena kwa haki, vitabu vya historia vinapompita Otenyo kwa mstari mmoja. Basi tusiwape wazee wa Lotiriri kile tulichokataa kupewa.

Sasa nigeukie hoja za upande wa pili, maana uhakiki usiosikiliza ni matusi tu yaliyovaa tai. Hoja ya kwanza ni kwamba raia hawezi kumhukumu mwanajeshi. Hoja hii ina uzito. Zipo nyumba nyingi Kisii na Nyamira ambazo sebuleni zina picha ya kijana aliyevaa magwanda, na baadhi ya vijana hao walirudi kutoka Somalia wakiwa wamefunikwa bendera. Aliyelala kitandani usiku ule hana haki ya kumcheka aliyekuwa handakini. Ila angalia kitenzi kilivyoteleza: kutoka kuuliza hadi kuhukumu. Hakuna aliyeomba raia ahukumu. Kilichoombwa ni maelezo, na kilichoombewa maelezo si kazi ya jeshi, ni kiti cha kiraia. Aliyekuwa handakini akabaki kuwa mstaafu kijijini, anayepalilia migomba yake, tunamwachia siri zake na kumwamkia kwa heshima. Akija kuomba kutuongoza kwa sababu ya handaki hilo, ametualika mwenyewe tuchungulie.

Hoja ya pili ni kwamba wapinzani wake nao walikuwa na lugha chafu. Hili nakubali bila kusitasita. Wapo waliomwita muuaji, wakasema mikono yake inanuka damu, ilhali hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani. Kiswahili kina ngazi zake: kuna fununu, kuna tuhuma, kuna shtaka, kuna hukumu. Kutajwa katika ripoti ya tume si kuhukumiwa. Mwandishi anayeruka kutoka tuhuma hadi hukumu anafanya dhambi ileile ya yule anayemficha mtenda. Mmoja anafuta kiima, mwingine anapachika kiima asichokithibitisha. Isitoshe, anampa mtuhumiwa njia rahisi ya kutoroka, kwani atalijibu tusi na kuliacha swali. Tume yenyewe ilionja uchungu wa jambo hili. Mwenyekiti wake, Balozi Bethuel Kiplagat, alilazimika kukaa kando mwaka wa 2010 kutokana na maswali kuhusu rekodi yake serikalini wakati wa mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, kisha akarejea 2012. Nchi iliyoshindwa kuuliza mapema huuliza kwa kuchelewa, tena kwa kelele.

Hoja ya tatu ni kwamba marehemu hasemwi. Desturi hii naiheshimu, nimelelewa nayo. Lakini wahenga hao hao walisema asiyekuwapo na lake halipo, na katika habari ya 1984 wasiokuwapo ni wengi. Nkaissery angalau alipata nafasi ya kujitetea akiwa hai, mbele ya kipaza sauti. Waliozikwa Lotiriri hawakupata.

Tukitazama nje, tutaona jinsi swali letu lilivyo tofauti na la wengine. Nchini Marekani rekodi ya jeshi ni uwanja wa vita kila uchaguzi. Mwaka wa 2004 medali za John Kerry za Vietnam zilitiliwa shaka na kundi la maveterani, huku George W. Bush akiulizwa kuhusu siku zake katika kikosi cha akiba cha anga cha Texas. Mwaka wa 2024 Tim Walz, aliyekuwa ametumikia kikosi cha akiba kwa miaka 24, alishambuliwa kwa kauli iliyoashiria kwamba alibeba silaha vitani na kwa wakati aliochagua kustaafu. Swali la Wamarekani ni: je, ulienda? Je, ulifanya yote unayodai? Ni swali kuhusu ukweli wa sifa. Wenyeji wa huko kijiji kilikopigwa hawamo katika sentensi hiyo. Swali la Lotiriri ni zito zaidi: tunajua mlikuja, je, mlitufanya nini?

Afrika Mashariki tuna mfano unaobeba maswali yote mawili, nao ni Idi Amin. Simlinganishi na waziri wetu marehemu kwa tabia wala kwa matendo. Nalinganisha jinsi maswali yalivyoachwa bila majibu. Wasifu rasmi ulidai Amin alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Vita vilimalizika 1945, naye aliingia Keya mwaka wa 1946. Huo ulikuwa uongo wa sifa, nao ulichekesha zaidi ya kudhuru. Swali lililodhuru lilikuwa jingine. Mwaka wa 1962 kikosi alichokiongoza kilitumwa kuwasaka wezi wa mifugo Turkana, ndani ya Kenya, na kukazuka tuhuma za mauaji ya wafugaji. Uganda ilikuwa ikikaribia uhuru. Gavana Walter Coutts alishauriana na Milton Obote, na badala ya mashtaka Amin akakemewa tu. Maneno yaliyoondolewa kwenye jalada lile yalilipiwa na Waganda kwa damu baada ya Januari 1971, na Obote mwenyewe akawa wa kwanza kupinduliwa.

Turudi nyumbani. Matiang’i hakuwahi kuvaa magwanda ya jeshi. Yeye ni mwalimu wa fasihi, mwenzetu wa chaki. Lakini aliongoza wizara yenye askari, na mjadala kuhusu miaka yake pale umeanza kuvaa mavazi yaleyale. Huku kwetu anaitwa ‘mchapakazi’. Ni sifa nzuri, japo kitenzi chake ni kuchapa, na kitenzi kuchapa hudai yambwa. Wafuasi wake wana haki ya kutaja kazi iliyochapwa. Wakosoaji wake wana haki ya kuuliza kama kuna watu waliochapwa pamoja na kazi. Ni maswali ya kawaida kwa yeyote aliyesimamia usalama, na kumuuliza mtu wetu si kuisaliti Gusii. Tukimuuliza sisi kwa heshima na kwa sentensi zilizokamilika, atajibu kwa heshima. Tukimnyamazia, atakuja kuulizwa na wengine kwa matusi.

Kwa wahariri na watangazaji, ombi langu ni dogo. Kabla ya kuchapisha sentensi kuhusu operesheni yoyote, itafuteni kiima chake. Kama mtenda anajulikana, mtajeni. Kama hajulikani, andikeni kwamba hajulikani. Msimfiche ndani ya kauli ya kutendeka. Acheni ‘walipoteza maisha’ kwa waliokufa katika mafuriko. Waliopigwa risasi waliuawa.

Na kwa wapigakura, mgombea akija Nyamaiya au Nyamarambe na cheo chake mbele ya jina, mpigieni makofi, kisha muulizeni mambo manne. Nani alikutuma? Alikutuma kufanya nini? Ulifanya nini hasa? Na wale uliotumwa kwao, wanasemaje? Mwenye rekodi safi atayajibu kwa dakika kumi na kura zake zitaongezeka. Asiyetaka kuyajibu atawaambia mmetumwa.